Mlio wa Pikipiki ya Kilindoni

Wenzangu wa gereji na wa mtaani, tangu nirudi kutoka Mafia mmekuwa mkinishika mmoja mmoja mkitaka habari. Niliaga nakwenda siku sita, nikakaa karibu mwezi mzima. Kuna aliyeambiwa nimeoa huko, na kuna aliyeambiwa chombo kimezama nasi. Yote si kweli. Nimeona niandike mara moja, karatasi izunguke, nami nipumzike kusimulia.

Seif mnamjua kwa jina, maana nimemtaja sana. Tulikuwa wote Bama, kule Burma, wakati wa vita vya Mjapani, yeye akifunga majeraha, mimi nikitengeneza malori. Sasa ni dresa, mhudumu wa vidonda, katika zahanati ya Kilindoni. Ana pikipiki ndogo ya kuzungukia vijiji, na aliniandikia kwamba inalia vibaya. Amekaza kila nati anayoifikia, bado inalia. Shangazi yake, ambaye ni mkunga na husafiri naye, amekataa kuipanda tangu mwezi wa Rajabu. "Njoo wewe uisikilize," aliandika.

Nilipofika kwenye neno hilo nilikunja barua. Nitawaeleza sababu mbele.

Dar es Salaam hadi Kisiju

Lori lilikuwa limebeba magunia ya unga na sukari, na juu ya magunia tukapandishwa sisi. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipopita Mkuranga magurudumu ya nyuma yalizama hadi kwenye ekseli, tukashuka kukata matawi na kuyatandika mbele ya magurudumu. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne dereva alizima injini, akalala chini ya lori, akasema atatuamsha ardhi ikikauka.

Kisiju tulifika kesho yake, tukaambiwa mashua imepandishwa pwani inakalafatiwa, mianya ya mbao inazibwa. Nikakaa siku tatu. Nilikula kwa mama mmoja aliyekaanga mihogo na kuuza pamoja na dagaa na pilipili ya kusaga, chakula ambacho mpaka leo nakitamani. Siku ya pili niliona amenigeuzia mgongo, akawahudumia wote kabla yangu. Abiria mwenzangu, fundi cherehani aitwaye Kombo, alinieleza: yule mama alikuwa ameniita mara kadhaa jana yake nichukue chenji yangu, nami nikaenda zangu bila kugeuka. Mama akasema watu wa Dar es Salaam wana kiburi.

Nilimwomba yule mama radhi, nikasema nilikuwa na mawazo. Akanikubalia, lakini nilijua nimemdanganya.

Kisiju hadi Kilindoni

Baharini sina mengi ya kusema, kwa sababu nusu ya safari nilikuwa nimeinamia ukingo nikitapika. Kombo alikuwa amepakata cherehani yake, ameifunga kwa kanga mbili ili maji ya chumvi yasiifikie. Nilipopata nafuu tukazungumza kazi zetu. Alisema cherehani humwambia kwa sauti yake kwamba sindano inakaribia kuvunjika, na mtu asiyeisikiliza hununua sindano kila wiki. Kisha akanyanyua kidole juu, akauliza kama na mimi nasikia roda, kile kigurudumu cha kamba ya tanga, inavyolia, inataka mafuta.

Nikasema naisikia.

Sikusikia kitu. Nilisikia maji yakigonga ubao na sauti ya Kombo, basi. Nimewahi kudanganya hivyo mara nyingi pale gereji, mbele ya wengi wenu, na sikuwahi kujiona. Siku ile, labda kwa sababu tumbo lilikuwa tupu, nilijiona vizuri.

Kilindoni

Tulifika maji yamekupwa, tukateremka mbali na nchi kavu, tukatembea kwenye matope masanduku yakiwa kichwani. Seif alinisubiri ufukweni, amenenepa, ndevu zimeanza mvi. Alinishika mkono hakuuachia mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa amepika pweza wa nazi na wali, na nilikula kama mtu asiyekwenda baharini tena.

Asubuhi akanitolea pikipiki. Niliizunguka, nikaitikisa, nikaiwasha ikiwa imesimama kwenye stendi. Mtu asiyejua kazi hii hudhani mlio ni mmoja. Mara nyingi ni minne au mitano imechanganyika, na kila unapoondoa mmoja unaofuata unajitokeza. Na kila mlio una mwendo wake. Mwingine hutoka pikipiki ikienda polepole tu, mwingine ukipanda kilima, mwingine ukiachia mafuta. Ndiyo maana lazima uipande.

Mlio wa kwanza ulikuwa bamba la namba, limelegea na kugonga madigadi ya nyuma. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu, nikakiweka katikati, nikakaza. Wa pili ulikuwa sanduku la spana, ambalo kifuniko chake kilicheza. Wa tatu ulikuwa ekzosi, na huo ulikuwa mzito, niliusikia hata kwa mguu. Nilikwenda kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini, mzee mpole aliyefungua makasha yote ya misumari na nati mpaka tukapata bolti ya kipimo changu, kisha akanikataza kuondoka kabla sijanywa chai.

Alasiri nilizunguka mji mara mbili. Kwangu ilikuwa kimya kabisa. Nikamwambia Seif kazi imekwisha, kesho nitafute chombo cha kurudi.

Kilindoni hadi Kiegeani

Seif alisema kwanza twende Kiegeani, mwendo mfupi, tukamwonyeshe shangazi yake. Yeye ndiye aliyekataa, yeye ndiye atakayeikubali. Akaendesha, mimi nikakaa nyuma. Njiani aligeuza kichwa akasema bado inalia. Nikamwambia ni mchanga unaopiga kwenye bati.

Shangazi huyo, Bi Zuhura, tulimkuta uani akichambua mchele. Ni mwanamke mwembamba aliyenizidi kama miaka kumi. Alijifunza ukunga hospitali, Dar es Salaam, akarudi kwao na cheti na kipembe cha mti, kile cha kuwekwa juu ya tumbo la mama ili kusikia moyo wa mtoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mji, kisha akamwomba Seif aizungushe pikipiki njiani mbele ya nyumba.

Seif alikwenda na kurudi. Bi Zuhura alitikisa kichwa.

"Bado inalia," alisema. "Sauti nyembamba, kama sahani iliyopasuka."

Nikasema, kwa adabu niliyoweza, kwamba nimefanya kazi hii miaka ishirini na sisikii sahani wala bakuli. Seif akasema na yeye anasikia. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama anataka pikipiki isiyotoa sauti anunue punda. Akaumia, nikaona, akatoka kwenda kuwasalimu majirani.

Nikakaa kwenye kizingiti nikipanga spana zangu sandukuni. Baada ya muda nikaona kivuli. Bi Zuhura alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika bakuli la bati na kijiko. Akakaa chini, akaniangalia usoni.

"Nimekuita mara tatu, fundi," alisema. "Mara ya nne nimegonga bakuli hili nyuma yako. Tangu lini husikii?"

Ningeweza kudanganya tena. Sijui kwa nini sikuweza mbele yake. Nikamweleza yote. Kombora liliangukia karibu na lori letu huko Bama, upande wa kulia, na sikio hilo likafa. La kushoto lilibaki zima, lakini miaka hii sauti nyembamba zimeanza kuniponyoka, moja baada ya nyingine. Sauti za ndege zilitangulia, kisha kengele za baiskeli, na sasa hata hii. Kule gereji nimekuwa nikijua magari kwa kiganja na kwa kubahatisha, nikiogopa siku litakapotoka gari mikononi mwangu na kuua mtu.

"Seif anajua?"

"Hajui. Hajui mtu."

"Mimi sitamwambia," alisema. "Lakini usiniambie tena kwamba pikipiki hii imepona."

Akaingia ndani, akarudi na kipembe chake. Tuliiweka pikipiki kwenye stendi, nikaiwasha. Akaanza nyuma, akaweka kipembe juu ya madigadi na sikio juu yake, kisha kiti, kisha tangi la mafuta, akifumba macho. Mimi nilifuata kwa kiganja kila alipotoka. Tulikuwa hivyo muda mrefu, majirani wakisimama kutuangalia, na Seif akarudi akasimama nao bila kuuliza. Chini ya tangi, mbele, pale injini inaposhikwa na mkono mdogo wa chuma, alifumbua macho.

"Hapa."

Kiganja changu kiliniambia chuma kile kinatetemeka kuliko jirani zake. Kwa macho hakikuwa na kitu. Nilikipaka mafuta ya taa, nikakifuta kikavu, nikapaka chokaa iliyosagwa juu yake, nikawasha injini tena. Taratibu mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakatoka, yakachora mstari mweusi juu ya chokaa nyeupe, mwembamba kama unywele, toka ukingo mmoja hadi karibu na mwingine. Kilibaki kipande kizima cha upana wa ukucha tu. Siku ambayo kingekatika, injini ingeangukia gurudumu la mbele, Seif na shangazi yake wakiwa juu.

Nilimwita Seif, nikamwonyesha. Nilimwomba radhi kwa ajili ya yale maneno ya punda. Sababu sikumwambia.

Kiegeani hadi Kirongwe

Kisiwani hakukuwa na mtu wa kuchomelea. Kulikuwa na mhunzi Kirongwe, aitwaye Makame, anayefua misumari ya vyombo na majembe. Bi Zuhura naye alikuwa na haja ya kwenda kaskazini. Kule Bweni kulikuwa na mwanamke mja mzito ambaye katika uzazi wake wa kwanza alimpoteza mtoto, na alikuwa amemwahidi kuwa naye mapema. Tukapata lori la shamba la minazi linalokwenda kuchukua mbata, tukaipandisha pikipiki, tukaenda wote watatu. Seif alitufikisha akarudi na lori lilelile, maana zahanati haikuweza kukaa bila mtu.

Makame alikuwa na kipande cha springi ya lori, chuma kizuri. Nilimchorea mchangani umbo la kishikio kipya cha injini, akaelewa mara moja. Akaanza kufua, huku ananiuliza jambo, nyundo ikilia, naye amesimama kulia kwangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku mbili baadaye alinipa kishikio kizuri sana chenye matundu ya kuingia kidole gumba. Alikuwa ameniuliza kama matundu yawe ya kipimo cha msumari mkubwa wa chombo, nami nikakubali. Watu waliokuwepo wakamcheka kwamba amezoea mashua tu. Makame akasema labda alisikia vibaya yeye. Nami nikamwacha abebe lawama yangu mbele ya watu wake, akaenda kutafuta makaa mengine aanze upya.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimefikia pamoja na Bi Zuhura kwa ndugu zake, naye akisubiri pikipiki impeleke Bweni. Alikuwa akinitengea chakula na kukaa mbele yangu akizungumza, ili nimwone midomo.

Kishikio cha pili kilikuwa tayari siku tatu baadaye. Ndiyo kwanza nimekifunga, hata pikipiki sijaijaribu, akaja mtu kwa baiskeli kutoka Bweni, shati limelowa. Uchungu ulikuwa umemshika yule mwanamke tangu jana asubuhi, na sasa nguvu zinamwisha.

Kirongwe hadi Bweni

Hapakuwa na lori siku hiyo, na kwa miguu ni mwendo wa kutwa. Bi Zuhura alikuwa tayari amefunga mkoba wake. Alinikuta nimechuchumaa kando ya pikipiki.

"Chuma hiki kitashika?"

"Sijui, Bi Zuhura. Ningeendesha nikisikiliza ningekwambia. Siwezi kusikiliza."

"Mimi nitasikiliza," alisema. "Wewe endesha. Nikikugonga bega mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, simama."

Wanawake wa nyumba ile walitazamana alipopanda nyuma ya mwanamume asiye nduguye. Aliwaambia wamwombee dua huku wakitazamana, nasi tukaondoka.

Njia ile ni mchanga, mizizi ya minazi na mashimo ya kaa. Sijawahi kuendesha hivyo maishani mwangu. Miaka yote nilikuwa naendesha nikiogopa nisichokisikia. Siku ile kulikuwa na mkono juu ya bega langu, na kadiri ulivyotulia nilijua mambo ni salama. Karibu na Kanga uligonga mara moja. Nikapunguza. Tukaenda hivyo kidogo, kisha ukagonga mara mbili.

Nilisimama, nikaweka kiganja. Kishikio kilikuwa kizima, lakini nati ya chini ilikuwa imerudi nyuma nusu ya mzunguko. Nilikaza, nikachukua nati ya sanduku la spana nikaifunga juu ya ile, zibanane. Bi Zuhura alisimama akiangalia njia ya kaskazini. Tulipopanda tena mkono wake ulitulia mpaka Bweni.

Mume wa yule mwanamke, Juma, alikuja mbio kutupokea, mkoba akauchukua yeye. Bi Zuhura aliingia ndani. Mimi nilitandikiwa mkeka ukumbini pamoja na wanaume, nikaletewa maji na ndizi za kuchemsha nisizoweza kuzila. Mmoja alikuwa akisokota kamba, akaifumua, akaisokota tena. Juma alikaa mkabala wangu ameegemeza kichwa ukutani. Nilifikiri juu ya nati ile, na nusu ya mzunguko, na jinsi ambavyo peke yangu ningeipita.

Jua lilikuwa limeanza kuinama ndipo nikaona wote wamenyanyua vichwa kwa pamoja. Yule wa kamba akaiachia. Juma akasimama, akakaa, akasimama tena akiwa amejishika mdomo, machozi yanamtoka. Wengine wakainuka wakampa mikono. Mimi nikabaki nimekaa kwenye mkeka, sijui nilie au nicheke, kwa sababu sikujua kimetokea nini.

Juma akanigeukia. "Umemsikia, fundi?"

Walikuwa wanaume saba pale, wote wananiangalia. Nilikuwa nimejibu ndiyo kwa swali la namna ile kwa miaka.

"Sijamsikia," nikasema. "Sikio langu la kulia limekufa, na la kushoto halipati sauti nyembamba. Niambie wewe."

Hakucheka mtu. Juma alizunguka akaja upande wangu wa kushoto, akapiga magoti kwenye mkeka, akaniwekea mdomo karibu na sikio.

"Analia," alisema. "Analia kwa nguvu, ndugu yangu, na mama yake mzima."

Alikuwa mtoto wa kike.

Kurudi

Tulirudi polepole baada ya siku nne, mama akiwa ameanza kula. Kirongwe nilisimama uani kwa Makame, nikasubiri mpaka wateja wake wamekusanyika, nikawaambia kwamba matundu yale yalikuwa kosa langu na sababu yake. Makame aliniambia angejua angeacha kufua kwanza ndipo aulize. Kisha akanipa mkono.

Seif nilimwambia Kilindoni. Alihuzunika zaidi yangu, maana siku ya lile kombora yeye ndiye aliyenifunga bendeji, na alidhani amenitibu. Nilikaa kwake wiki nyingine nikisubiri chombo, nikimfundisha kukagua nati zile mbili kila anapotoka safari. Shangazi yake anapanda sasa.

Mwenye gereji nilimweleza siku niliyofika, kabla sijavua viatu. Matokeo mmeyaona, ingawa hamkujua chanzo chake. Sijaribu tena magari barabarani, anajaribu mwenzangu. Yeye anarudi kunieleza alichosikia, mimi nafungua na kufunga. Siwezi kuwadanganya kwamba hainiumi ninapoona gari nililolitengeneza linatoka getini na mtu mwingine.

Aliyebaki alikuwa mke wangu. Nilimwambia jioni hiyohiyo, tumekaa uani yeye anapika, nikayatoa maneno niliyoyapanga njia nzima tangu Kisiju. Alinisikiliza hadi mwisho, akakoroga chungu, akafunika.

"Baba Asha," alisema, "huu mwaka wa nne nakaa kushoto kwako. Ulidhani napenda moshi?"

Nikatazama. Kweli, upepo wa uani kwetu hupeleka moshi wa jiko upande ule, na macho yake yalikuwa mekundu kama kila jioni. Niliinuka, nikaugeuza mkeka, ili abaki kushoto kwangu na moshi usimfikie.